Lozi ya Tisa

Kabla ya kumkabidhi kasisi Injili aliyoinakili kwa miaka miwili, Febronia alibakiwa na kazi moja: kumsomea mjomba wake, shemasi Barsaumo. Mzee huyo hakuwahi kuona, na Injili yote aliihifadhi kichwani kwa Kiaramu. Kasisi wa mji wao wa Midyati alishasema: kitabu atakachokikataa Barsaumo hakitawekwa madhabahuni.

Kaka yake Febronia aliyehamia Ujerumani alimcheka kwenye simu. "Maneno yalipita midomoni miaka mingi kabla hayajaandikwa, dada. Kila mdomo uliongeza chumvi. Sasa unanakili nini?"

Febronia alikata simu, akaenda kumsomea mjomba.

Walifika kwenye mahubiri ya mlimani, pale Yesu anapotaja heri tisa. Barsaumo alishika lozi tisa, na kwa kila "heri" aliweka moja mezani. Febronia alipomaliza, moja ilikuwa bado kiganjani.

"Umemla mtu, binti."

"Nimemla nani, mjomba?"

"Wenye moyo safi. Watamu, eti?"

Febronia akatazama kitabu cha zamani alichokuwa akikinakili. Walikuwemo. Kila mstari ulianza kwa neno lilelile, na jicho lake liliruka heri moja likatua kwenye nyingine. Ikiwa yeye mwenye kitabu mbele yake ameangusha mstari mzima, wale wa mwanzo wasio na kitabu je?

"Haya, sema wewe," alimwambia kwa ukali.

Barsaumo akazisema zote tisa, ila wapole aliwataja kabla ya wenye huzuni.

"Hapo umekosea! Kitabu kinawatanguliza wenye huzuni."

"Bibi yangu alinifundisha hivi, na hakujua kusoma. Zipo nakala za kale sana zinazokubaliana naye. Nani yuko sahihi, sijui."

"Basi kaka anasema kweli: midomo imebadilisha maneno."

"Kuhusu viti, labda. Watu wamebadilishana viti. Ila hesabu: nani hayupo?"

Febronia akahesabu. Jicho liliangusha, sikio likaokota. Sikio lilipopanga vingine, kitabu kikaonyesha. Hilo halikuthibitisha kila neno. Lilithibitisha kwamba penye mashahidi wengi kosa halijifichi kwa urahisi.

"Naweza kuuandika upya ukurasa huu. Nani atajua?"

"Hakuna. Ndiyo maana usifanye."

Febronia akauandika mstari pembeni, akatia alama pale ulipoanguka, pamoja na jina lake. Barsaumo aliisikiliza kalamu ikikwaruza mpaka ikanyamaza, ndipo akaitupa lozi ya tisa mdomoni.

"Kipeleke," alisema akitafuna. "Hicho nakikubali."