Magauni ya Kupandia Meli

Mimi Dorkas nina mdomo, waulizeni watu wa soko la Same. Asteria, Beatha na Husna wameuvumilia tangu tukiwa wasichana wa shule, tukisema ipo siku tutapanda meli twende Unguja, sote wanne, tumevaa sare. Watu wa milimani sisi, maji tunayoyajua ni ya mfereji! Mwaka huu tukasema sasa basi, tunakwenda. Mara nikavunjika mguu. Akiba yangu ikaishia hospitali, nikabaki na gongo la kutembelea na cherehani.

Siku moja Asteria akaja kibandani kwangu.

"Safari tumeiahirisha mpaka mwakani," akasema, macho chini. "Ila tushonee yale magauni, manne. La nne ni la wifi yangu wa Makanya. Ana umbo kama lako, jipime mwenyewe tu."

Nikamwambia haya. Jioni nikapita stendi, Hamidu mkata tiketi akaniuliza, "Na wewe mbona hujakata? Wenzako wanaondoka Ijumaa."

Jamani! Damu ilinichemka. Kumbe nimekuwa mzigo! Kumbe huyo wifi ndiye anakalia kiti changu! Nilitaka kwenda kuwatukana mlangoni. Badala yake nikakaa kwenye cherehani. Nikachagua uzi mkuukuu, ule unaokatika ukiuvuta kwa kidole. Nikarefusha mshono, nikaulegeza, sikurudishia ncha za mshono popote. Kwa nje magauni yalipendeza. Nikasema, wacha yawafumukie mbele za watu. La wifi nililishona vibaya kuliko yote, huku nacheka peke yangu.

Ijumaa alfajiri mlango ukagongwa. Walikuwa wote watatu, wamevaa magauni yao, Husna kashika la nne.

"Vaa haraka, basi litatuacha," Beatha akasema. "Nauli yako tumechanga. Tungekwambia mapema ungekataa, kiburi chako tunakijua."

"Na wifi je?"

"Wifi gani? Asteria hana hata wifi mmoja!" Wakacheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Nilitamani ardhi inimeze. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi changu nilikivaa. Nikatia sindano na uzi mzuri mkobani, nikijidanganya kwamba nitashona njiani. Nani atavua gauni ndani ya basi?

Tulitoka kwenye basi moja kwa moja hadi melini, wakanikalisha dirishani, mguu wangu juu ya mapaja ya Husna. Kila mmoja wao akiinuka, roho inaniruka. Bahari niliyoiota miaka yote hiyo sikuiona. Nilikuwa naangalia migongo ya wenzangu.

"Twendeni nje tukapige picha!" Beatha akaita.

Nikajiinua kwa gongo. Praaa! Gauni langu likafumuka toka kwapani hadi nyongani. Abiria wakageuka. Asteria akavua khanga aliyojitanda, akanifunga nayo, na wale wawili wakasimama kunikinga.

"Tusamehe, Dorkas," Asteria akaninong'oneza. "Tulikuharakisha, na mguu unakuuma."

Hapo nikaangua kilio. Nikasema ukweli.

"Hamkuniharakisha. Nilishona hivyo makusudi. Hata ya kwenu yatafumuka. Nilijua mnakwenda na mwingine, mnaniacha kwa sababu ya mguu."

Beatha akajishika ubavuni, taratibu. Husna akageuka kuangalia maji.

Nikaanza kuifungua ile khanga nimrudishie mwenyewe, maana sikuistahili. Asteria akanishika mkono.

"Iache," akasema. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo miaka yote hii, hivyo ndivyo unavyotujua?"

Mimi mwenye mdomo nikafungua mkoba. Nikatoa sindano na uzi. Asteria akanipa mgongo, nikaanza kulishona gauni lake akiwa amelivaa.