Mgonjwa Yuko Jikoni

Siku ya pili ya likizo nilitia vijiko viwili vya chumvi kwenye chai ya mama, naye akainywa hadi mwisho. Akasuuza kikombe, akanikumbusha nianue nguo mvua ikija, akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na hotuba fupi ya ushindi. Sikuitoa.

Shuleni kwetu Homa Bay, mzaha usiomshtua mtu huchunguzwa. Nikachunguza. Nilificha ungo wake. Akapepetea omena, dagaa wake wa kuuza, kwenye sinia. Nikamwambia nimefukuzwa shule kwa kumrukia mwalimu mkuu mgongoni, akasema, "Sawa. Umekula?" Wadogo zangu pacha, Tony na Byron, wakapigana hadi wakatokwa damu puani, akawapangusa wote wawili kwa kitambaa kimoja huku mkono wa pili ukichambua omena. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mama, unaumwa?"

"Niko sawa."

"Umechoka?"

"Niko sawa, Phanice."

Alisema kama mtu anayeitikia jina lake likisomwa darasani.

Mama yangu, Kemuma, hununua omena Mbita kila Jumanne na Alhamisi na kuziuza soko la Migori siku zilizobaki. Baba yuko kisiwani Remba, anavua samaki. Huja mwisho wa mwezi. Sabato, yaani Jumamosi, hatufanyi kazi, kwa hiyo Ijumaa mama hufanya kazi ya siku mbili, na Sabato yenyewe huwapakulia wageni wa kanisa. Nilitafuta katika juma lake saa moja ambayo hukaa bila kushika kitu. Niliipata moja, ya mahubiri, na hata hapo alikuwa amempakata mtoto wa mtu.

Shuleni mtu hapumziki kwa sababu amechoka. Hupumzika kwa sababu metroni, mlezi wa bweni, ameandika. Kwa hiyo nilikata karatasi, nikaandika kwa mwandiko wa metroni, ambao naujua vizuri kuliko inavyostahili: "Kemuma. Kidato: Mama. Apewe kitanda siku moja. Asifue, asipike, asibebe. Aoge maji ya moto bila kuitwa na mtu." Nikapiga muhuri kwa kifuniko cha chupa ya wino.

Mama aliisoma yote. Mdomo haukucheza.

"Weka hapo," akasema. Baadaye akamfungia mteja omena ndani yake.

Basi nikapanda ngazi. Mama hamwogopi metroni, lakini humwogopa Mama Obare, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, kama sisi sote. Jumamosi jioni nilichukua simu ya mama, nikamwandikia Mama Obare: "Dada Kemuma ameambiwa na daktari alale kesho siku nzima. Mwili umekataa. Mkumbukeni."

Mama Obare hakuandika jibu, alipiga simu. Nilimsikia mama akisema, "Eeh… hapana… haya, sawa." Kisha akaniangalia, akaiweka simu mezani. Sasa kanisa zima lilijua ni mgonjwa. Angeonekanaje sokoni Jumapili? Aibu ikafanya kazi iliyonishinda mimi. Jumapili asubuhi mama alilala chali, mikono kifuani, kama anayemsubiri fundi aje kumpima jeneza.

Alilala dakika sabini.

Kosa lilikuwa langu, na mimi nimekulia hapa hapa: ukitangaza mgonjwa, watu huja kumwona. Saa nne na nusu walifika akina mama kumi na mmoja, na sukari, sabuni, unga, na kuku aliyefungwa miguu. Walianza kuimba tangu langoni. Na mgeni haondoki bila chai. Mama alikuwa ameshuka kitandani kabla ya ubeti wa pili.

"Rudi ulale, nitapika mimi," nikamnong'oneza.

"Wewe? Utawapa maji ya vuguvugu. Lete majani."

"Mama, mgonjwa ni wewe."

"Ndiyo. Lete majani."

Sebuleni, Mama Obare alikuwa ameshafungua Biblia. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko jikoni," nikasema. "Anapika chai."

"Vyema. Mwambie yangu asitie sukari. Na kama kuna viazi vitamu, sisi hatukatai."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona ajabu. Waliinamisha vichwa wakamwombea mama nguvu za kuinuka kitandani, na ng'ambo ya ukuta nilimsikia akipasua kuni.

Sikungoja amina. "Mama Obare, nilidanganya. Ujumbe niliandika mimi. Hakuna daktari."

Vichwa vikainuka.

"Kwa hivyo huyu kuku tumembebea mtu asiyeumwa?" akauliza Mama Obare.

"Shule za bweni hizo," mwingine akasema. "Unapeleka mtoto, unarudishiwa shetani mwenye sare."

"Nilitaka alale siku moja tu."

Mama akaingia na sinia ya vikombe. Alikuwa amesikia. Nilingoja kofi, kusema kweli, nililitamani. Aliweka sinia mezani.

"Hajadanganya," akasema, kwa sauti ile ile. "Aliniambia amefukuzwa shule, nikamuuliza kama amekula. Sikusikia kitu ndani. Hata nyinyi nawaona mmekuja, na najua ni jambo zuri. Najua tu, sisikii."

Joyline, mdogo kuliko wote, mwenye mtoto mgongoni, aliongea akitazama sakafu. "Mimi mama yangu tulimzika Aprili. Wakati wanamshusha, nilikuwa nahesabu sahani za wageni."

Vikombe vilitoa mvuke. Mama Obare alifunga Biblia polepole.

"Na mimi niko hivyo hivyo, nikadhani ni uzee," akasema. Halafu, "Phanice, mikeka iko wapi?"

"Ya kupigia magoti?"

"Ya kulala. Hao pacha wapeleke kwa jirani. Ufunge mlango, na akija mtu, tuko kwenye maombi."

"Huo si uongo, Mama Obare?"

"Nenda!"

Wakanywa chai, wakalala sebuleni, kumi na wawili ukimhesabu mama, leso usoni, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Mimi nikaosha vikombe uani. Mzee Elkana, mume wa Mama Obare, alikuja kuulizia chakula cha mchana.

"Bado wanaomba, baba."

"Mbona siwasikii?"

"Wanaomba kimya."

Akavua kofia, akaondoka kwa kunyata.

Nilipoingia, mama alikuwa macho, anatazama mabati.

"Hulali?"

"Miguu inaniuma."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Sijui. Nimeisikia sasa."

Nikachuchumaa, nikashika wayo mmoja, nikaanza kuukanda kwa vidole gumba. Uso wake ukakunjamana.

"Wee, polepole!" akanifokea, hata Joyline akashtuka usingizini. "Unadhani huo ni unga?"

Nikaendelea, polepole.