Kibao Uani kwa Bi Ozella

Picha ilipowashwa kwenye ukuta wa mahakama, kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikiona ni pai. Kilikuwa kipande kinene cha pai ya viazi vitamu, kwenye sahani nyeupe, na aliyeishika sahani hiyo alikuwa Ozella Tarver mwenyewe, amevaa aproni, anatabasamu meno yote nje. Nyuma yake, katikati ya maua yake ya manjano, kilisimama kibao cha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti: HAPA WATOTO WASIBISHE HODI. Ofisi ya sherifu ilitaka kila kibao kipigwe picha kikishasimikwa, na naibu wa sherifu aliyepiga hii hakuona haja ya kumwambia mama wa watu asogee pembeni.

"Bi Tarver," alisema wakili wa kaunti, kijana nadhifu mwenye sauti laini, "huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hiyo pai ilikuwa ya nani?"

"Ya Coy. Naibu Hembree, yaani."

"Kila Oktoba akija kusimika kibao, unampa pai?"

"Pai, au mkate wa mahindi. Inategemea siku hiyo nimepika nini."

Watu walicheka chini chini. Wakili hakucheka. Alimgeukia jaji. "Mheshimiwa, mtu anayelazimishwa jambo hamkaribishi anayemlazimisha kwa tabasamu na kitu kitamu. Bi Tarver aliridhia. Angekuwa hataki, angesema."

Ozella aliitazama ile picha. Mama yake alimlea akijua kwamba anayekanyaga uani kwako haondoki na njaa, hata kama amekuja kukutolea vyombo nje. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja adabu hiyo ingetundikwa ukutani kumshitaki.

Mwanawe, Dewitt, alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Akiwa na miaka ishirini alimwingilia binti wa miaka kumi na mitano. Alikiri, akafungwa, akatoka, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wakosaji wa ngono ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Sasa ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. Kila siku alichomelea mageti kwenye karakana ya mtu, akarudi nyumbani kwa mama yake, akala, akalala. Sheria ilimtaka azime taa ya barazani usiku wa Halloween, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba na vinyago vyao kuomba peremende, na asimfungulie mtu mlango. Alitii bila manung'uniko. Kibao hakikuwa kwenye sheria. Kilikuwa nyongeza ya sherifu mwenyewe, aliyoianza mwaka aliokuwa akiomba kura.

Ozella hakuwahi kumwambia mtu kwamba mwanawe ameonewa. Kila asubuhi alimwombea yule binti kabla hajamwombea Dewitt. Lakini chini kabisa ya moyo wake, mahali ambapo hata maombi yake hayakufika, alikuwa ameficha neno moja ambalo Dewitt alimwambia siku alipokamatwa: "Mama, alikuwa anakuja mwenyewe. Alikuwa anacheka." Neno hilo lilimsaidia kupata usingizi, naye hakuligusa.

Kesi ilikuja na Nadine Kessler, wakili wa kikundi kinachopinga sheria za namna hii mahakamani. Alikuja na viatu vya matope, akaketi jikoni, akauliza swali moja.

"Ua huu ni wa nani?"

"Wangu. Marehemu mume wangu aliuacha hauna deni."

"Basi sherifu amekufanya wewe mdomo wake, na wewe hujahukumiwa kwa lolote."

Dewitt hakupenda hata kidogo. "Mama, utaanikwa kwenye magazeti. Kanisani watakusema."

"Wananisema tayari. Tofauti ni kwamba sasa hivi wananong'ona."

"Ukishindwa, mimi nahama. Sikai hapa nikikuangalia unazeeka na kile kibao."

"Uhamie wapi, baba?"

Nyumba zote za kupanga mjini zilikuwa karibu na shule au uwanja wa watoto, na huko hakuruhusiwa. Kilichobaki ni kulala ndani ya gari nyuma ya kituo cha mafuta, barabara kuu, walikolala wenzake wa kwenye orodha. Ozella alipiga moyo konde akatia saini hati ya kumshitaki sherifu. Alijua akishindwa anaweza kumpoteza mwanawe.

Sasa alirudi kwenye benchi lake, na wakili wa kaunti akamwita Coy Hembree. Coy alikuwa pande la mtu, na jasho lilikuwa limelowesha kola ya sare yake. Sherifu alikaa benchi la mbele amekunja mikono, akimkodolea macho.

"Bi Tarver aliwahi kukataa kibao?"

"Hapana."

"Kulalamika je?"

"Hapana, bwana."

Wakili aliketi, ameridhika. Nadine Kessler akasimama. "Naibu, uliwahi kumwuliza kama anakitaka?"

Coy alimtazama sherifu. Kisha akaitazama ile picha ukutani.

"Hapana. Hatukuambiwa tuulize. Tuliambiwa tusimike, na atakayeking'oa tumkamate."

"Na pai?"

"Wakili, Bi Ozella angempa pai hata shetani, ilimradi avue kofia." Safari hii mtu alicheka kwa sauti, na jaji akamtazama akanyamaza. "Mwaka wa kwanza alifungua mlango, akakiona kibao, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nilijua anaanguka. Halafu akaniuliza kama nimekula. Mimi ndiye niliyekuwa na bastola kiunoni. Yeye angesema nini? Mtu akitabasamu kwa sababu hana la kufanya, hilo si kukubali. Nilijua hivyo siku ile ile, na pai nikala."

Ozella alihisi maneno hayo yakishuka, yakashuka, mpaka yakafika pale alipolificha lile neno la Dewitt. Alikuwa anakuja mwenyewe. Alikuwa anacheka. Akageuka kumtafuta mwanawe. Dewitt alikuwa ameinama, uso umezama kwenye viganja.

Jaji hakuchukua muda mrefu. Alisema serikali haina ruhusa ya kusimika maneno yake kwenye ua wa mtu kisha kuuita ukarimu wa mtu huyo ridhaa. Vibao visisimikwe tena, kwa Bi Tarver wala kwa mwingine yeyote kwenye kaunti.

Kwenye korido Ozella alimshika Coy mkono, mkono mzito wenye baridi.

"Sherifu atakufanyaje?"

"Atanitupa zamu ya jela, nadhani. Usijali, Bi Ozella. Huko nako kuna chakula, ingawa si kama chako."

"Asante, mwanangu. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa."

"Usinishukuru. Nimechelewa sana," Coy alisema, akavaa kofia.

Ndani ya gari Dewitt hakuwasha injini. Alishika usukani, macho mbele.

"Mama. Yule wakili wa kaunti. Yale aliyosema juu yako, kwamba ungekuwa hutaki, ungesema."

"Nimeyasikia."

"Ndiyo niliyosema mimi. Kuhusu yule binti."

"Najua, baba."

"Uliniamini?"

"Nilitaka kukuamini." Ozella alitoa leso, akajifuta, kisha akampa. "Leo nimeacha. Na nashukuru, Dewitt. Nashukuru tumesikia wote wawili, tukiwa chumba kimoja." Alimwekea mkono kisogoni kama alivyokuwa akimfanyia utotoni kanisani, akauacha hapo, na Dewitt akalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Halloween ilipofika walizima taa ya barazani mapema, kwa hiari na kwa sheria. Dewitt aliketi jikoni na sahani yake ya maharage. Ozella alisimama nyuma ya pazia sebuleni. Nje kulikuwa na maua yake na giza, basi. Watoto walipita barabarani, vicheko vyao vikija na kwenda. Kisha nyayo ndogo zikakata kona, zikaja moja kwa moja kwenye kijia chake.

"Mama, hapa je?" mtoto aliuliza.

"Hapana, mpenzi, taa imezimwa," ilijibu sauti ya mwanamke, haina haraka, haina woga. "Watu wamepumzika. Twende kule."

Nyayo zikaondoka polepole. Ozella aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha baridi, akasema asante, akarudia asante, mpaka kioo kikaingia ukungu mbele ya midomo yake.

"Mama?" Dewitt aliita kutoka jikoni, kwa sauti ya chini. "Kuna watu wamekuja? Wanasemaje?"

Ozella aliliachia pazia.

"Wanasema tumepumzika."