Gobore la Mjomba Ingénieur

Mbele ya ndugu zangu, mimi ni mhandisi wa silaha. Uongo huo niliuanza mwaka wangu wa kwanza hapa Brussels, wazee wa Lubumbashi waliponiuliza kwa simu nafanya kazi gani. Siku hiyo nilikuwa nimepandisha kabati la milango mitatu hadi ghorofa ya tano, lifti imekufa, na mgongo wangu haukuwa tayari kumwambia mtu ukweli. Nikajibu kwamba niko kwenye kiwanda cha bunduki, upande wa Liège, ofisi ya michoro. Kwa nini bunduki? Basi tu, ndilo neno lililotangulia mdomoni. Tangu hapo jina langu la Tharcisse likafa, ukoo mzima ukaniita Ingénieur.

Kazi yangu ya kweli ni kuunganisha samani za watu: vitanda, makabati, majiko. Kadi zangu zimeandikwa Tonton Montage, yaani Mjomba Kuunganisha, bila jina la ubatizo, na naziacha kwenye saluni za Galerie d'Ixelles kwa sababu dada yangu Yolande, anayekaa Evere, hasuki nywele huko. Miaka kumi na tisa nimeishi kwa uangalifu huo. Mwizi mwenyewe angechoka.

Kisha mpwa wangu Sephora, binti wa Yolande, akapata mchumba. Siku familia ya kijana ilipokuja kujitambulisha sikuwepo. Nilisema nina mkutano Liège, kumbe nilikuwa chini ya sinki la bibi mmoja wa Uccle. Halafu wazee wakapiga simu kutunga orodha ya mahari. Kwetu mjomba, ndugu wa mama, lazima awe na fungu lake. Wakaniuliza, "Na weye Ingénieur, unataka nini?" Wenzangu walikuwa wameomba mablanketi. Mhandisi wa silaha ataombaje blanketi? Nikasema fusil, bunduki.

Wiki tatu kabla ya sherehe, kijana mmoja alinipigia akitaka fundi wa kuunganisha kitu. Nilimkuta kwao Laeken, kijana mpole mwenye miwani, kadi yangu mkononi, na sanduku refu la karatasi ngumu juu ya meza. Jina lake Hénock. Mchumba wa Sephora naye aliitwa Hénock. Lakini Wakongo wenye jina hilo ni wengi, nikajipa moyo.

"Tonton, haiko armoire ao kitanda," alisema akifungua sanduku. "Ni fusil."

"Fusil ya nani?"

"Ya noko wa fiancée yangu. Iko ku liste ya dot. Ona, numéro sept."

Nikasoma ile orodha ya mahari. Fusil de chasse, bunduki ya kuwindia, moja, kwa Mjomba Ingénieur. Nikarudisha karatasi mezani polepole.

"Ile ya kisasa inaomba ma-papiers kupita ndoa yenyewe," akaendelea. "Alors nilicommander hii. Ni ya zamani, unatia baruti ku mudomo wa fusil, unashindilia na fimbo. Sawa ile ya bankambo betu. Inakuya mu bipande. Na miye niko infirmier, tonton. Kuchoma bantu shindano najua, kufunga vis sijue."

Lilikuwa gobore, lakini gobore la kwenye sanduku: mtutu, kitako cha mbao ghafi, mtambo wa kufyatulia, mfuko wa skurubu, na kijitabu cha maelezo kwa Kiitaliano. Kushika gobore sijawahi. Hata la babu yangu nililiona likiwa limetundikwa ukutani, na tuliambiwa tusiliguse.

"Bon, shida ni ule noko," Hénock akasema. "Banasema iko ingénieur wa ma-fusil. Vis moja ikikaa mubaya, atairudisha mbele ya bantu bote, na Sephora atabakia kwa maman yake."

Nilipaswa kunyamaza. Sikuweza. "Ni muntu mubaya?"

"Simujue. Lakini muntu wa kuomba fusil mu Bruxelles, tonton, ni muntu wa namna gani? Atapiga nini? Ma-njiwa?"

"Pengine ni mambo ya heshima," nikasema, kwa ukali ambao fundi wa makabati hana haki nao.

"Pengine," akajibu. "Sephora anamupendaka sana. Anasema wakati papa yake aliwaacha, ni yee noko alikuwa anamupelekaka ku masomo kila asubuhi na bus. Donc aliniambia, fusil ikuye muzuri, noko yangu asipate haya mbele ya bantu."

Nikainama nikajifanya natafuta bisibisi. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi.

Nilipaswa kukataa kazi ile, najua. Lakini ningekataa, angemwita mwingine, na mwingine angeharibu, kisha mimi ndiye ningesimama mbele ya ukoo na kuulizwa kwa nini bunduki inacheza kama jino bovu. Basi nikakubali, na nikaanza kumwogopa yule mhandisi kuliko Hénock alivyomwogopa.

Makabati yana adabu: matundu yamekwisha tobolewa, na kila kipande kina herufi yake. Gobore halina adabu hiyo. Mtambo ulikataa kuingia kwenye mbao, ikabidi nichonge kwa patasi, unywele baada ya unywele, nipake masizi ya mshumaa, nijaribu, nione palipogusa, nichonge tena. Nilipiga msasa Jumamosi tatu. Nilipaka mafuta, nikangoja yakauke, nikapaka tena. Mke wa mteja mmoja alinipigia mara nne kuhusu kitanda chake, nikamwambia naumwa. Hénock alikuwa akiniletea chai na kunitazama kama mtu anayetazama upasuaji.

"Weye uko fundi wa kweli, tonton," aliniambia siku ya mwisho. "Ule ingénieur hata yee hawezi."

Niliona fahari, kisha wivu, maana fundi na ingénieur wote wawili walikuwa mimi. Na skurubu moja ilibaki. Katika kazi yangu hubaki moja kila mara, sijui kwa nini. Nikaitia mfukoni.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi, sebuleni kwa Yolande, viti vya kukodi hadi kwenye korido. Nilivaa suti yangu ya kijivu na kukaa nyuma ya kilemba cha Maman Lucienne, shangazi yetu, kilemba ambacho kingeweza kuficha hata pikipiki. Familia ya Hénock ikaingia, yeye akiwa katikati, macho chini kama inavyompasa mchumba. Msemaji wao akaanza kusoma. Mbuzi wawili, walioko tayari kwenye friza. Mablanketi. Pagne sita za kitenge. Taa ya karabai ambayo hakuna atakayeiwasha Evere mpaka mwisho wa dunia. Kisha namba saba.

Likaletwa likiwa limefunikwa kitambaa cheupe. Walipofunua, watu wakanyosha shingo. Naapa lilikuwa zuri. Mbao ziling'aa kama chai ya rangi.

"Ingénieur," Yolande akaita kwa sauti ya kanisani, "kuya utuambie."

Maman Lucienne akainama kando. Sikuwa na pa kujificha tena. Hénock akainua macho, akaniona, na miwani ikamteremka puani. Alinitazama mimi, akalitazama gobore, akanitazama tena. Niliogopa kuliko siku niliyoshuka kwenye ndege. Neno moja tu kutoka kwake, na miaka kumi na tisa ingemwagika kwenye zulia la dada yangu.

Kawaida mjomba hutafuta kasoro kwanza. Akubali upesi, ataonekana hana thamani. Nikaligeuza gobore, nikachungulia mtutu, nikapitisha kidole kwenye mbao. Kasoro nilizijua zote kwa majina. Ningezitaja, ningekuwa najitukana. Ningelisifu, ningekuwa najisifu. Watu walikuwa wanangoja. Ulimi wangu, ambao haujawahi kunisaidia katika jambo lolote kubwa, ukauliza kile wakaguzi wote huuliza.

"Nani aliimonta?"

Nilitamani kulirudisha swali mdomoni. Sebule nzima ikamgeukia Hénock. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akachukua muda wake.

"Ni ingénieur mumoja, papa," akasema. "Wa kwetu."

"Basi alijua kazi yake," nikasema. "Naipokea."

Vigelegele vikapigwa, Sephora akaletwa, ndoa ikakubaliwa. Watu wakaja kunipa mkono, wakisema Ingénieur ana moyo, hata chupa moja ya faini hakudai. Niliona haya hadi masikioni.

Wakati wa kula nikamvuta Hénock dirishani. "Mwana, aksanti. Uliniokoa."

"Miye sikujua kitu, tonton. Naapa. Nilishtuka." Akashusha sauti. "Lakini kadi yako haikutoka ku salon. Ni Sephora alinipatia. Alisema, usiende kwa muntu mwingine, huyu hatakataa kazi yake."

Nilimtafuta Sephora kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bibi harusi, pagne mpya mabegani, ananitazama. Hakucheka. Alinipungia mkono mdogo, vilevile alivyokuwa akinipungia langoni pa shule, siku zile akiwa mwanafunzi wa darasa la pili, asiyewahi kuuliza kwa nini mjomba wake mhandisi ana rangi ya milango kwenye kucha.

Nikaenda jikoni kutafuta maji. Yolande alikuwa anapakua wali, mgongo kwangu.

"Ingénieur," akasema bila kugeuka, "ukimaliza kula, angalia kabati ya chumba changu. Mulango unakwaruza tangu Noël. Nilikuwa nangoja upate nafasi."

Nilisimama pale na glasi tupu. Tangu Noël ya mwaka gani, sikuuliza. Bisibisi ilikuwa ndani ya koti la suti, mahali inapokaa siku zote, na pembeni yake ile skurubu iliyobaki kwenye gobore. Nikaenda chumbani kwake, nikapiga magoti, na mlango ule ulikuwa umekosa skurubu moja.