Kipimo cha Juu ya Kaburi

Mimi ni mpima ardhi na sina subira. Waliofanya kazi nami Kigoma watakwambia. Nalisema mapema, usije ukadhani kwamba nililolifanya kule Kavumvu lilitokana na huruma.

Mto Kavumvu unatoka milima ya Kalinzi na kushuka hadi ziwani. Njiani umezuiwa na bwawa dogo la zamani, ukuta umepasuka, nyuma yake tope tupu. Iliamuliwa ukuta ubomolewe kabla haujaanguka wenyewe. Lakini kwanza tuchore ramani: kina cha mto, kona zake, ardhi ya kando imeinuka wapi na imelala wapi. Ramani hiyo ingeonyesha maji na tope vitafika wapi siku ya kubomoa. Aliye ndani ya mstari angehamishwa, aliye nje angebaki.

Nilimwajiri Rozalia, mjane wa bondeni, anishikie fimbo ya vipimo. Fimbo inasimama chini, mimi nasoma namba zake kwa darubini, basi. Alijifunza haraka kuliko wasaidizi wangu wa mjini. Hakuwa msemaji. Siku ya tatu aliniuliza jambo moja.

"Bwana mpima, nyumba yangu ikiingia kwenye mstari, Thobias naye mtamhamisha?"

Thobias alikuwa mumewe, amezikwa migombani, hatua chache kutoka mlangoni. Nilimjibu kwamba makaburi si kazi yangu.

"Ego," aliitikia kwa Kiha. "Basi siendi popote. Na mama yake Thobias ndiyo hivyo, miguu imekufa, yuko mkekani mwaka wa pili huu. Nimbebe nimpeleke wapi?"

Siku ya tano tulifika kwake, mvua ikiwa imetukuta. Nilipochungulia kwenye darubini, fimbo ilikuwa imesimama juu ya saruji ya kaburi. Saruji ile iliinuka kufika magotini. Fimbo ikipanda, ardhi kwenye ramani inapanda nayo. Rozalia alilijua hilo, nilimfundisha mwenyewe. Alinitazama, nikamtazama. Nilipaswa kufoka, "Shusha chini!" kama nilivyowafokea wengine wiki nzima. Lakini nilikuwa nimelowa chapachapa, gari lilikuwa linasubiri, na niliona haya kumfukuza mjane kwenye kaburi la mumewe. Nikaandika namba ile.

Mstari ukapita chini kidogo ya nyumba yake, ikabaki nje. Alipopata habari alinitumia mkungu wa ndizi. Niliula wote, na nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ukuta ulibomolewa asubuhi moja, taratibu, kama ilivyopangwa. Siku hiyo hakuna aliyekosea. Rozalia alikuwa amepanda Kalinzi kuuza buni, akiwa na amani kabisa, kwa kuwa ramani ilisema yuko salama. Tope liliingia nyumbani kwake likafika magotini. Kwa mtu anayesimama, hilo si tope la kuua. Lakini mama yake Thobias alikuwa amelala mkekani.

Baada ya wiki mbili nilirudishwa kuupima mto upya, maana ulikuwa umejichimbia njia nyingine. Migomba ilikuwa imelala chini. Tope lilikuwa limekauka kuzunguka kaburi la Thobias, likaishia ukingoni mwa saruji. Juu yake hapakuwa na hata tone. Namba yangu ilikuwa sahihi kabisa kwa pale ilipopimwa. Kando yake palikuwa na kaburi jingine, la udongo mbichi.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Rozalia. Alitoka ndani. Hakunisalimu. Aliichukua fimbo mikononi mwangu, akaenda kusimama katikati ya makaburi yale mawili, kisha akanigeukia.

"Leo niiweke wapi?" aliniuliza.