Shemeji wa Pembe Tatu

Habari kwamba Harlan Unruh anaoa tena zilimkuta Lorena Schrag gereji, amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri gari lake libadilishwe oili. Aliyezileta ni Verna Goering, mama mwenye moyo safi na mdomo usio na komeo. Gari la Verna halikuwa na ubovu wowote. Alikuwa amepita tu kuangalia nani yupo.

"Sasa shemeji yako tunamwoza lini?" aliuliza, akivuta kiti.

Lorena alikunjua gazeti kwenye ukurasa wa bei za ngano. "Mwenyewe atatangaza," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejua zamani.

Hakuwa anajua lolote. Mji wa Gnadental, Kansas, ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya kanisani unaombewa afya kwenye maghala ya ngano, na bado habari hiyo ilikuwa imemzunguka yeye peke yake kama maji yanavyozunguka jiwe. Kilichomuuma si kwamba Harlan anaoa. Ardith, mdogo wake Lorena na mke wa Harlan, alikuwa amefariki majira manne ya baridi yaliyopita, na mwanamume aliyebaki akila supu ya kopo amesimama jikoni ni haki yake kutafuta mtu wa kukaa naye. Kilichomuuma ni kuambiwa na Verna.

Alilipa, akaendesha polepole hadi chuoni kazini kwake, na kufika mlangoni alikuwa ameshaamua: hatamuuliza Harlan. Atamwacha aive kwa moto mdogo.

Lorena na Harlan walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini, chumba kirefu chenye makabati ya chuma yaliyojaa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Yeye alikuwa mtu wa nyasi. Harlan alikuwa mtu wa ndago. Kwa mpita njia vyote ni majani tu, lakini kumwambia hivyo mmoja wao ilikuwa sawa na kumtukania mama. Wawili hao walitaniana asubuhi na jioni, na Ardith alipokuwa hai ndiye aliyekuwa mwamuzi: kazi yake ilikuwa kucheka, na aliyemchekesha zaidi ndiye mshindi.

Alimkuta Harlan amepiga magoti, anapima sakafu kwa futi. Mkuu wa idara alikuwa ameagiza makabati yapangwe upya. Wataalamu wa vinasaba walikuwa wamechunguza damu ya mimea, kama ingekuwa na damu, wakakuta kwamba ukoo wa zamani ulichorwa kwa kukisia sura.

"Shikamoo, nanasi," alisema Harlan bila kuinua kichwa.

"Nanasi tena?"

"Hujasoma? Nanasi wamo humu humu, ukoo mmoja na nyasi. Walitoka mapema nyumbani, wakaenda kupanda juu ya miti, lakini ni ndugu zenu. Nimekutengea nafasi ya kabati lao."

"Ndugu zetu na zenu. Usijitoe." Lorena alitundika koti. Alinusa hewa. Palikuwa na harufu ya kitu kama limau na ngozi mpya. "Wikiendi ilikuwaje? Ulisema ulikuwa Wichita kutafuta ndago wa mtoni."

"Nilikuwa huko."

"Ndago wa Wichita wanajipaka manukato siku hizi?"

Harlan alijikwaruza shingo, akarudi kwenye futi yake. Lorena alifungua kabati lake na kutabasamu humo ndani, mahali ambapo hakuna aliyemwona isipokuwa majani makavu.

Wiki nzima alimchezea hivyo. Harlan akisema anawahi kuondoka, Lorena alisema, "Ndiyo, kiza kinaingia mapema Wichita." Akija na shati lililopigwa pasi, alimuuliza kama kuna msiba. Siku ya Alhamisi alimkuta anatafuna mnanaa mbele ya simu, akamwambia kwamba simu hainusi.

Lakini kazi ya makabati ilisonga, na kadiri ilivyosonga ndivyo Lorena alivyopungukiwa na mzaha. Maprofesa wa zamani walikuwa wameziweka nyasi na ndago nyumba moja, pua kwa pua, kwa sababu maua ya wote ni madogo, hayana rangi, na chavua yao hupeperushwa na upepo. Ndiyo maana meza zao wawili zilikuwa zimegusana tangu mwanzo. Sasa vinasaba vilisema ndago ndugu zao wa tumbo moja ni yale majani ya kinamasi yenye mashina kama sindano za kufumia, na nyasi ndugu zao wa karibu ni mimea fulani ya visiwa vya Pasifiki na Australia ambayo hakuna mtu Kansas aliyewahi kuikanyaga. Kufanana kwao kulikuwa kwa watu wawili waliopigwa na upepo mmoja, kila mmoja kwa wakati wake.

"Nyinyi mnakwenda kule dirishani," alisema Harlan, akionyesha kwa futi. "Sisi tunabaki huku mlangoni, na wale wa sindano. Katikati wanakaa hawa wa koo ndogo ndogo."

"Kwa hiyo baada ya miaka yote hii tumegundua hatuna undugu."

"Upo. Wa mbali."

"Afadhali. Nilikuwa naona aibu. Sisi tunailisha dunia: ngano, mahindi, mchele, mtama, muwa. Ndago mmemlisha nani?"

"Tumewapa watu karatasi, zile za mafunjo za Misri."

"Na magugu."

"Karatasi, Lorena. Wakati nyinyi mnatafunwa na ng'ombe sisi tunaandikwa na wafalme. Halafu ninyi ndani ni watupu, mna mafundo mwilini kama mkongojo. Sisi tumejaa."

"Mmejaa pembe. Shina gani lina pembe tatu? Hata mbuzi akiliuma anaomba radhi."

Kwa kawaida hapo Harlan angejibu. Safari hii alikaa juu ya sanduku, akaikunja futi yake kipande kwa kipande.

"Lorena, nimempata mtu."

"Mtu gani?" alisema Lorena, ingawa alijua.

"Mwanamke."

"Subiri." Alivuta kiti, akachukua kioo chake cha kukuzia, akakishika kama yuko kazini. "Tufanye kwa utaratibu. Anaota wapi?"

"Wichita."

"Mahali pakavu au penye maji?"

Harlan alishusha pumzi. "Nyumba yake iko karibu na mto."

"Kimo?"

"Ananifika hapa." Akaonyesha bega.

"Shina?"

"Lorena, jamani."

"Nauliza shina. La mviringo au la pembe tatu? Siwezi kuainisha kwa kubahatisha."

"Mviringo," alisema Harlan, masikio yameiva.

"Mviringo. Basi huyo ni wa kwetu. Mara ya kwanza umeoa nyasi, mara ya pili nyasi. Ndago wenyewe wamekukataa?"

Harlan alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Alipoivaa tena alisema jina lake ni Nadine Bitar, mjane, alifundisha piano, na babu zake walitoka Lebanoni. Kisha akasema, akiangalia sakafu, "Nilitaka kukwambia wa kwanza. Nikashindwa. Nikamwambia fundi wa gereji, nikijizoeza."

"Ulijizoeza vizuri. Mji mzima umefuzu," alisema Lorena. "Mlete Jumapili."

Jumapili Lorena alipika kama anayemkabili adui: verenike, sambusa za kuchemsha zilizojaa jibini, na mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe, supu ya kabichi, mikate midogo ya ghorofa mbili iliyotoka motoni asubuhi. Nadine alifika ameshika bakuli kubwa la ngano iliyopondwa, kotimiri iliyokatwa laini, nyanya na ndimu. Alikuwa mfupi kweli, nywele nyeupe zimekatwa karibu na kichwa, na mikono ambayo haikujua kutulia.

Lorena alifunua bakuli. "Ngano," alimwambia Harlan. "Umeona? Hajavua hata koti, ameshachagua upande."

"Nimechagua upande gani?" aliuliza Nadine.

"Usiulize," alisema Harlan. "Mchana wote utaisha."

Walikula. Mambo yalikwenda kwa adabu, na adabu ikawa nyingi mno. Waliisifu supu mara nyingi kuliko ilivyostahili. Harlan alikuwa anatazama mara huku mara huku kama anayeangalia mpira wa meza. Hatimaye Nadine aliweka uma chini.

"Sijui nikuite nani," alimwambia Lorena. "Mume wangu mtarajiwa anakuita shemeji. Mimi kwako nitakuwa nani? Niliwauliza hata wanangu, wakasema hakuna jina."

Lorena alichukua mkate, akaanza kuutenganisha ghorofa zake. Alikuwa ametumia maisha yake akiyapa majani mahali pa kukaa, na hili lilikuwa limemshinda tangu siku ile ya gereji. Ardith akiwa ameondoka, yeye mwenyewe kwa Harlan alikuwa nani? Hakuthubutu kuuliza, wasije wakajibu.

Nadine aliutazama mkate ule, akageuza maneno kwa upole. "Harlan amenisimulia mengi ya Ardith. Nakipenda kile kisa cha kinamasi, alivyomposa. Dada yako amezama matopeni mpaka kiunoni, na Harlan anamfungia kamba, anamvuta kwa pikapu."

Lorena aligeuka taratibu kumtazama shemeji yake. Harlan alikuwa amevutiwa ghafla na kitambaa cha meza.

"Nani alizama?" aliuliza Lorena.

"Supu hii ina bizari?" alisema Harlan.

"Nadine, sikiliza. Aliyezama ni huyu. Aliona ndago ng'ambo ya dimbwi, akaenda bila kupima, akashuka mpaka mkanda. Ardith ndiye aliyekuwa na pikapu. Alimfungia kamba kwapani, akawasha gari, halafu akazima. Akateremka, akasimama ukingoni, akamwambia, Harlan Unruh, miaka miwili unazunguka kama nzi. Una la kusema au nirudi nyumbani nikale?"

"Akasemaje?"

"Alisema. Tena haraka. Kamba ilivutwa baada ya jibu."

Nadine alijifunika uso kwa kitambaa cha mkono, mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko yeye, na Lorena naye akashindwa kujizuia. Walicheka huku Harlan akisema kwamba kisa ni kilekile, yeye amebadilisha tu nani yuko wapi. Neno hilo likawaongezea kicheko. Lorena alicheka mpaka machozi. Machozi yaliendelea baada ya kicheko kwisha. Nadine alimsogezea mkate.

"Niite Lorena," alisema baadaye, akijifuta. "Na mimi nitakuita dada, mpaka watu wa vinasaba waje watukatalie."

Harlan na Nadine walifunga ndoa mwezi Mei, nyasi za vilimani zikiwa zimeanza kuchipua baada ya makavu kuchomwa moto baridi ilipokwisha, na Nadine akahamia Gnadental. Makabati yalihamishwa wiki iliyofuata: nyasi dirishani, ndago mlangoni. Agizo halikutaja meza, na hakuna aliyemkumbusha mkuu wa idara, kwa hiyo meza zilibaki katikati ya chumba, zimegusana.

Jumatano moja ya Juni simu ya Lorena ililia akiwa anamenya viazi.

"Dada," ilisema sauti ya Nadine, "bafu langu limejaa ndago. Wamelala humo na matope yao na chura mmoja. Harlan anasema wakikauka wataharibika na kwamba nisiwaguse mpaka Ijumaa. Ardith alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anamwachia."

"Na kuoga?"

"Alikuwa anakuja kuoga kwangu."

Upande wa pili droo ilifunguliwa, ikafungwa.

"Basi naja," alisema Nadine. "Nichukue taulo?"

"Taulo zipo," alisema Lorena, akaenda kuwasha maji ya moto.