Mimbari ya Vipande Arobaini na Viwili

Mume wangu alimweka Mungu kwanza, na sisi wengine tukajipanga foleni nyuma. Sikufuru. Mimi mwenyewe nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, na kila Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kina mama. Naeleza tu jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani kwetu: Mungu, halafu kanisa, halafu mbao, halafu paka, maana paka hudai haki yake kwa kelele, halafu sisi.

Ni seremala. Mtaani wanamwita Fundi Tuombe, kwa sababu hajawahi kushika msumeno bila kusema "tuombe" kwanza. Juu ya mlango wa karakana yake amechonga MUNGU KWANZA kwa herufi kubwa, na mteja akija kuulizia kabati lake la tangu mwaka jana anaoneshwa yale maneno. Akizidi kulalamika, anaombewa. Kabla ya kupima, sala. Kabla ya kukata, sala. Hata gundi ina sala yake. Sisemi uongo, kazi yake ni safi na meza zake hazichezi. Lakini nimewahi kumwona mteja akinyanyuka katikati ya sala, akanyata na kiti chake chenye miguu mitatu, akaenda kumaliziwa wa nne kwa fundi mwingine.

Tuliishi na mama yake mzazi, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa haoni. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Alikuwa mtu wa kusoma Biblia kila asubuhi tangu usichana, na macho yalipokwisha hakuacha. Aliifungua, akaipapasa, mara nyingine ikiwa juu chini, akasema aliyoyakumbuka na aliyoyasahau akajazia mwenyewe. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake sasa anatunga Biblia ya kwake. Akasema tutaliombea. Tukaliombea miaka miwili.

Halafu tukasikia kuna daktari wa macho anayekuja kliniki yetu mara moja kwa mwaka, kwa majuma mawili tu. Nilimpeleka mama, akapimwa, akapangiwa: jicho la kulia Alhamisi hii, la kushoto Alhamisi inayofuata. Kwenye kadi, mahali pa msimamizi wa mgonjwa, muuguzi aliandika "mtoto wa kiume", kwa kuwa mama ana mmoja tu na ndivyo alivyotaka mwenyewe. Huyo ndiye angetia saini ya ridhaa. Bila saini hapasuliwi mtu. Na zamu ikifika kama hamko tayari, muuguzi alisema, mnapisha wenzenu, na mkishapisha ni mpaka mwakani. Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa umri ule mwakani si neno la kuahidiana ovyo.

"Hilo nalisimamia mwenyewe, mama," mume wangu alisema, akampigapiga mgongoni.

Sasa, wakati huohuo kanisa lilikuwa limempa kazi ya kutengeneza mimbari mpya. Askofu angekuja kuiweka wakfu. Mume wangu alivimba kichwa mpaka kofia ikawa haimtoshi. Akachora mimbari yenye vipande arobaini na viwili, akaweka nadhiri kwamba kila kipande kitaombewa peke yake kabla hakijaguswa na randa, tena mbele ya wazee wa kanisa. Siku ambayo wazee wote walikuwa na nafasi ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ileile.

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameshavaa gauni lake la Krismasi kabla sijawasha jiko. Mume wangu alikuwa mlangoni, penseli sikioni.

"Zamu yetu saa nne," nikamwambia.

"Nyie tangulieni. Nifungue kazi na Mungu kwanza, saa nne mtaniona hapo."

"Vipande arobaini na viwili mpaka saa nne?"

"Mke wangu, ukimtanguliza Mungu, mengine yanajipanga yenyewe."

"Na yakijipanga bila wewe?"

"Usiwe na moyo mgumu," akasema, na akaenda zake.

Kliniki ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi pande zote mbili, ukutani saa kubwa ya duara. Tulikaa. Mama alishika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Saa tatu na nusu nikapiga simu, ikawa imezimwa. Nilijua iko wapi: kwenye kopo la misumari, juu ya rafu, kwa maana karakanani simu huzimwa wakati wa sala ili shetani asipate pa kupigia. Saa nne kasoro tano nikapiga tena. Nikawa namhesabia vipande kichwani. Kama wazee ndio haohao ninaowajua, watakuwa wamefika cha tisa.

"Amefika?" mama akauliza.

"Yuko njiani," nikasema. Nilidanganya, Mungu anisamehe, na kama kuna foleni ya kusamehewa basi mume wangu atangulie.

Mama aliinamisha kichwa akasema, "Bwana, nipo hapa." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake yote.

Muuguzi akaita jina la mama. Tukasimama, nikamshika mkono, tukaenda mpaka kwenye meza ya mlangoni. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, mtu wa kazi, asiyependa hadithi.

"Mwenye kusaini yuko wapi?"

"Anakuja, dada."

"Anakuja kutoka wapi? Daktari ameshanawa mikono. Nina watu kumi na saba hapo nje, na wengine wametoka mbali. Nawapisha wanaofuata."

Damu ilinichemka. Nilitaka kukimbia mpaka karakanani, niupige teke ule mlango na maneno yake juu, nimtoe kwa kola mbele ya wazee wa kanisa. Lakini nani angebaki na mama? Nikaanza kumsihi muuguzi, na machozi yakanitoka kwa hasira, si kwa huzuni.

"Atasaini huyu," mama akasema.

"Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu."

Muuguzi akavaa miwani, akasoma kadi. "Bibi, hapa pameandikwa mtoto wa kiume."

"Mimi ni kipofu, dada yangu. Hapo palipoandikwa sipaoni. Ninachojua ni mkono ulionishika, na mwenye mkono huo ndiye mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo."

Muuguzi alimwangalia mama, akaniangalia mimi na pua yangu inayotiririka. Kisha akakata "wa kiume" kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka, akanisogezea karatasi. Nikatia saini. Niliandika kwa haraka mpaka jina langu likafanana na la mtu mwingine.

Saa saba na nusu mume wangu akaingia kliniki, maranda kichwani, uso unang'aa. Mama alikuwa amelala, jicho limefungwa bandeji.

"Mnaona?" akasema. "Tumeomba vipande vyote, hata kimoja hatukuruka, na huku daktari amefanya kazi salama. Nilikwambia. Mengine yanajipanga yenyewe."

 Nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini pale ni hospitali, na nilichotaka kusema kingehitaji kitanda cha pili.

Kesho yake asubuhi bandeji ilitolewa. Mume wangu hakuwepo, alikuwa na ibada fupi ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya jicho, karakanani, na ibada zake fupi ninazijua. Mama alifumbua jicho, akapepesa, akanitazama kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

"Ni wewe uliyenizeesha, mama," nikamwambia, na tukacheka mpaka muuguzi akatukemea kwamba jicho bichi halichekeshwi. Nikapewa chupa ndogo ya dawa ya matone, na maelekezo. Tulipofika nyumbani mama akatembea chumba hadi chumba, mkono mgongoni kama mkaguzi, akanionesha utando wa buibui juu ya kabati ambao mimi mwenye macho mawili sikuwahi kuuona.

Jumapili, mume wangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi alivyoachiwa njia mbili, kazi ya Bwana na shughuli za dunia, na jinsi alivyochagua. Watu wakapiga makofi. Akamwomba mama yake asimame awasalimie wapendwa. Mama akasimama.

"Namshukuru Mungu naona," akasema. "Siku ile bandeji ilipotoka, wa kwanza kumwona alikuwa mkwe wangu. Wa pili muuguzi. Wa tatu mama mmoja anayefagia, ana shati la bluu. Niliendelea kuhesabu, si unajua tena, mtu akipata kitu kipya. Mwanangu alikuwa wa kumi na nne. Wa kumi na tatu alikuwa mwenye mbuzi, tulipishana naye pale njiani."

Akakaa. Kanisa lilicheka, kwa sababu lilidhani ni utani wa kizee. Mchungaji alicheka. Mume wangu alicheka pia, kwa muda mfupi, halafu akaacha.

Siku zile zilizofuata alishinda karakanani akiunga mimbari mpaka ikaisha. Nilijua anachongoja kuulizwa na sikumuuliza, kwa ukaidi tu. Maana askofu alikuwa ametuma ujumbe: atafika Alhamisi, saa tatu asubuhi, kuweka mimbari wakfu, na fundi aliyeitengeneza asimame kando yake mbele ya watu wote. Alhamisi ndiyo siku ya jicho la kushoto. Mama naye alikuwa anajua. Jumatano jioni, tukiwa mezani, alisema tu, "Kesho," akaendelea kula.

Alhamisi niliamka nikakuta upande wa mume wangu uko baridi. Suti yake ya kanisani haikuwepo kwenye msumari. Nilisimama pale chumbani nikasema maneno ambayo mwimba kwaya hapaswi kuyajua. Nilimvalisha mama, tukaondoka. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba.

Tulipoingia kliniki nikamwona. Alikuwa peke yake kwenye benchi la kwanza, ndani ya suti, magoti pamoja kama mtoto wa shule. Mlinzi akaniambia kwamba huyo mzee alimkuta nje ya geti kabla ya kufungua, na aliposema "tuombe" mlinzi akamjibu hapa ni kupanga foleni. Alikuwa ameshika kikaratasi chenye namba moja. Hotuba yangu yote ikapotea, na nilikasirika hata kwa hilo, kwamba hata nafasi ya kugombana ameninyima.

"Askofu?" nikamuuliza.

"Mimbari iko kule," akasema. "Haianguki bila mimi. Niliitengeneza vizuri."

Muuguzi yule wa miwani akaita namba moja. Tukasogea mezani wote watatu, mume wangu mbele, ameshatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni. Muuguzi akatazama kadi.

"Mwenye kusaini ni mtoto wa mgonjwa, namkumbuka," akasema, akanisogezea mimi karatasi. Kisha akamtazama mume wangu. "Na wewe, baba, ni nani?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimwona akimtazama mama yake, kalamu hewani. Mama naye alikuwa anamtazama, kwa lile jicho moja jipya, wala hakupepesa.  Shingo ya mume wangu ilikuwa na michubuko ya kunyoa haraka haraka. 

"Huyu ni mkwe wangu," mama akamwambia muuguzi. "Mtu mzuri sana. Anasali."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikatia saini. Mume wangu akarudisha kalamu mfukoni, akaukosa mfuko mara mbili. Mama akamkabidhi mkoba wake bila kumwangalia, akashika mkono wangu mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo mlangoni, kabla hajaingia, akageuka akamtazama tena yule mwanamume aliyesimama na mkoba wa kike kifuani. Akaingia.

Tulikaa kwenye benchi, yeye na mimi. Simu yake ililia, akaitazama, ikalia mpaka ikachoka. Nilidhani sasa ataniambia tuombe. Nilikuwa tayari kabisa kumkatalia, na tayari pia kukubali, sijui.

"Ile dawa yake ya matone," akasema, chini chini, kama mgeni anayeuliza njia. "Anawekewa mara ngapi kwa siku?"

Chupa ile ilikuwa kwenye meza yetu ya chakula, karibu na chumvi, wiki nzima.

"Mara nne," nikasema.

Akatoa ile kalamu mfukoni, akaandika nne kwenye kiganja chake.

"Saa ngapi na saa ngapi?" akauliza.